Umeme wa gari la kambi: usinunue betri kabla hujapima

Magari ya kambi yakirudi Arusha kutoka mbugani na shida ya umeme, dereva huwa ameshatoa hukumu njiani. "Fundi, betri ya nyuma imekufa, nibadilishie." Mara nyingi betri haina kosa. Kosa liko kwenye waya mwembamba, nati iliyolegea, au waya wa hasi uliofungwa juu ya rangi ya bodi. Ukifunga betri mpya kwenye mfumo uleule mbovu, baada ya miezi michache nayo itahukumiwa vilevile, na betri nzuri ya ampea-saa 100 ni pesa nyingi mno kununua kwa kubahatisha.

Hapa naongelea gari la aina tunayoijua: Land Cruiser au Hilux yenye hema juu ya paa, friji ya kompresa nyuma, betri ya pili, pengine paneli ya sola na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani), mara nyingine na tela. Coaster iliyogeuzwa nyumba ya safari nayo imo, ila ina mtego wake ambao nitaueleza mbele.

Vifaa unavyohitaji ni vichache: mita ya dijitali ya kupima volti, testa ya taa, spana za kufungulia klemu za betri, msasa na brashi ya waya. Mita ya bei ndogo inatosha kabisa kwa kazi hii.

Kwanza, jifunze namba chache

Betri ya asidi ya volti 12 ipimwe ikiwa imetulia, yaani imekaa saa tatu au nne bila kuchajiwa wala kutumika. Ikisoma 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki robo hivi. Chini ya hapo imeisha, na kila siku inayokaa katika hali hiyo inajiua, kwa sababu ukoko wa salfati unaganda kwenye mabamba ya risasi na baadaye hautoki. Injini ikiwaka, unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona 12.5 injini ikinguruma, altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, haichaji (magari mapya yana mambo yake, nitayaeleza mbele). Ukiona 15 na kuendelea, kidhibiti cha altaneta kimeharibika na betri inapikwa.

Betri za lithiamu hazifuati namba hizi. Zinakaa kwenye 13.2 au 13.3 karibu muda wote, halafu zinaporomoka ghafla mwishoni. Mwenye lithiamu afunge mita ya kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka, asitegemee volti.

Jambo la pili ndilo linalowashinda wengi. Pima wakati kifaa kinafanya kazi. Waya wenye nyuzi thelathini ukibaki na uzi mmoja, bado utakuonyesha 12.6 kama hakuna kinachovuta umeme. Washa friji au taa, umeme uanze kupita, ndipo waya uliojeruhiwa utajisema wenyewe. Ukiona fundi anapima soketi tupu na kusema "umeme upo", jua hajapima kitu.

Friji inazima usiku, gari likiwashwa inarudi

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na ndilo linalouza betri nyingi bila sababu.

Friji ya kompresa inavuta ampea 4 au 5 ikiwa inasukuma, kisha inapumzika. Ndani yake kuna kinga ya kulinda betri: volti zikishuka kupita kiwango fulani, inajizima. Kwenye kompresa za familia ya BD, zilizoenea sana kwenye friji za magari, mpangilio wa kiwandani ni kuzima zikifika 10.4 na kukubali kuwaka tena zikipanda hadi 11.7. Kumbuka kwamba friji haijui volti za betri. Inajua zile tu zinazoifikia mlangoni kwake.

Tupige hesabu ya gari nililopokea likitoka Seronera, ndani ya Serengeti. Waya wa friji ulikuwa wa milimita mraba 1.5, umbali wa mita 6 kutoka betri ya mbele hadi nyuma. Kwenda na kurudi ni mita 12. Waya wa shaba wa kipimo hicho una ukinzani wa karibu omu 0.14, na ampea 5 zikipita hapo unapoteza volti 0.7 njiani. Ongeza kishikio cha fyuzi kilichoota kutu na soketi ya kuwashia sigara iliyolegea, hasara inapita volti moja. Betri ilikuwa na 12.1, ambayo bado ni karibu nusu. Friji ilikuwa inaona 11 kasoro, na kila kompresa ilipoanza kusukuma ilivuta zaidi kwa muda mfupi, ikagusa 10.4, ikazima. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Tuliweka waya wa milimita mraba 6 moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi yake. Hasara ikashuka chini ya 0.2, na betri ileile aliyotaka kuitupa ikaendelea na kazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Friji ikiwa inasukuma, pima kwenye nguzo zenyewe za betri, siyo kwenye klemu. Kisha pima kwenye plagi ya friji. Betri ikisoma 12.4 na plagi 11.5, shida ni njia: waya, fyuzi, soketi, au hasi. Ili ujue ni upande upi, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya friji, friji ikiendelea kufanya kazi. Namba inayotokea ndiyo hasara ya upande wa chanya. Rudia kwa hasi. Fuata kipande kwa kipande hadi uone inaporuka, na hapo ndipo pa kufungua.

Betri na plagi zikiwa chini pamoja, 11.6 na 11.5 kwa mfano, njia ni nzima. Betri imechoka au haikujazwa, na sehemu inayofuata ndiyo yako.

Zote mbili zikiwa juu na friji bado inazima, angalia friji yenyewe. Kompresa za BD zikiunganishwa taa ndogo ya kuonyesha kosa huwa zinakonyeza: mara moja ni volti ndogo, mara mbili ni feni inavuta kupita kiasi, mara tatu kompresa imeshindwa kuanza, mara tano imepata joto. Joto tunalisababisha sisi wenyewe kwa kubananisha friji kati ya mabegi hadi matundu yake ya hewa yanaziba, au kuliacha vumbi la safari nzima lijae kwenye feni. Lipulize, kisha ipe friji nafasi ya kiganja kila upande wenye tundu.

Friji nyingi za kubebeka zina pia ngazi tatu za kinga ya betri kwenye menyu yake. Ngazi ya juu inafaa ukitumia betri ya kuwashia gari, ili asubuhi liwake. Kama una betri ya pili ya peke yake, shusha. Nimeona watu wakihangaika siku mbili kwa jambo la vidole viwili.

Na ile soketi ya sigara, tafadhali iondoe. Plagi yake inashikwa na springi tu, na kwenye barabara ya changarawe inacheza muda wote. Ikicheza inatoa cheche, cheche zinaleta joto, joto linayeyusha plastiki. Plagi ikiwa ya moto mkononi, tayari inakula umeme wako. Funga plagi za Anderson, zile nene zinazobanana zenyewe, au soketi ya kufunga kwa skrubu.

Umeendesha kutwa, betri ya pili bado haijajaa

Washa injini, ipandishe mizunguko kidogo, pima betri ya mbele kisha ya nyuma. Mbele 14.2 na nyuma 12.3: haziunganiki kabisa. Rilei, yaani swichi ya umeme inayounganisha betri mbili, kwa kawaida hufunga volti zikifika 13.3 hivi na kuachia zikishuka hadi 12.8. Isikilize inapofunga, utasikia mlio mdogo. Isipolia, angalia waya wake mwembamba wa hasi kabla ya kuilaumu rilei. Ikilia na nyuma hakuna kitu, angalia fyuzi kubwa za pande zote mbili. Fyuzi hizi huchanika ndani kwa mtikisiko na kwa macho zinaonekana nzima, kwa hiyo pima kabla na baada ya kila moja.

Mbele 14.2 na nyuma 13.2: zinaungana lakini njia ni nyembamba. Betri itapata chakula kidogo kidogo na haitashiba. Kwa betri iliyo nyuma kabisa ya gari, waya wa milimita mraba 16 ndio mwanzo wa mazungumzo, na 25 ni bora zaidi.

Magari mapya yana altaneta inayoongozwa na kompyuta, ambayo hushusha volti makusudi betri ya mbele ikishajaa ili kuokoa mafuta. Hapo rilei haina maana tena. Unahitaji chaja ya betri hadi betri, inayopandisha volti yenyewe hadi kiwango ambacho betri ya pili inataka. Mwenye lithiamu naye anaihitaji, hata kama gari lake ni la zamani.

Kuna pia suala la muda, na hapa sipendi kumdanganya mteja. Arusha hadi Karatu ni saa mbili hadi tatu. Betri ya asidi iliyoliwa nusu haijai kwa saa tatu, kwa sababu sehemu ya mwisho inaingia polepole hata ukiwa na altaneta kubwa kiasi gani. Mizunguko ya kuangalia wanyama, unaenda mita mia mbili na kuzima, haichaji kitu cha maana. Kambi ya siku tatu sehemu moja inahitaji sola. Paneli ya wati 100 huku kwetu, ikiwa jua ni zuri na haina kivuli, itakurudishia ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Friji peke yake inaweza kuzila zote kukiwa na joto.

Paneli ikitoa kidogo, panda juu uitazame kabla hujafungua kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri. Kivuli cha tawi moja la mgunga, au ukingo wa hema lililofunguliwa, kinaweza kuua nusu ya paneli au zaidi, maana seli zimeungwa mfululizo na iliyo kivulini inazibana zingine. Vumbi nalo. Na ukifungua kontrola kwa sababu yoyote, unaporudisha anza na betri, paneli ifuate. Ukianza na paneli, kontrola inaweza kukosea kutambua mfumo ni wa volti 12 au 24.

Betri yenyewe ikishukiwa, ipe mtihani wa haki. Ijaze kwa chaja ya ukutani usiku mzima, iache ipumzike, soma volti, kisha iwekee mzigo unaoujua kama taa kubwa za gari. Ikianza 12.7 na dakika chache baadaye iko 11, imechoka kweli. Ikikwama kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chemba moja imekufa. Betri yenye vifuniko pimia haidromita, kipimo cha uzito wa asidi: chemba iliyojaa inasoma 1.265 hivi, na tofauti ya 0.05 kati ya chemba moja na zingine inatosha kuihukumu. Maji yakipungua ongeza maji ya betri, yale yaliyokenekwa (distilled). Usiongeze asidi. Madukani chupa hukaa pamoja, na anayeongeza asidi akidhani anaipa nguvu anakula mabamba ya betri yake.

Gari la volti 24 na friji ya volti 12

Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotoka Japani kama magari ya soko lao la ndani, na Coaster za dizeli, zina mfumo wa volti 24: betri mbili za 12 zimefungwa mfululizo. Fundi anataka volti 12 za friji au redio, anaona betri mbili, anachukua umeme katikati yao. Friji inawaka, kila mtu anafurahi.

Shida inakuja taratibu. Betri moja inalisha friji, nyingine hailishi kitu, lakini altaneta inazichaji kama kitu kimoja. Inaona jumla ya volti 28 na kuridhika. Zigawanye uone: ile inayotumika ina 13.0, mwenzake ana 15.0. Moja inalala njaa kila siku, nyingine inachemka, maji yanakauka na harufu ya yai viza inatoka chini ya boneti. Dalili utakayoletewa ni kwamba "betri zinakufa moja moja". Ukibadilisha iliyokufa, mpya inafungwa na ya zamani, hali inazidi.

Dawa ni kuacha kabisa kuchukua umeme katikati. Tumia konverta ya kushusha 24 hadi 12, au tazama kibandiko cha friji, maana nyingi zinakubali 12 na 24 bila kubadilisha chochote. Kabla ya kuchomeka kitu chochote kwenye gari usilolifahamu, pima soketi. Pampu ya maji ya volti 12 haivumilii 24.

Vitu vinakufa na kurudi barabarani

Barabara ya kuingia Serengeti kupitia Naabi ina mawimbi kama bati, na gari linatetemeka saa nzima bila kupumzika. Nati zote zinafikiria kufunguka. Taa zikififia na kurudi, redio ikizima ukipita shimo, anza na hasi, ambayo mafundi tunaiita athi. Washa vitu vingi kwa pamoja, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bodi mahali palipokwanguliwa hadi chuma kitupu. Ukisoma zaidi ya 0.2, athi ni mbaya. Fungua, piga msasa pande zote mbili hadi zing'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake. Kwa magari ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, fungua hata zile zinazoonekana safi. Chumvi ya hewa inaingia chini ya gamba la waya na shaba inakuwa ya kijani ndani kwa ndani.

Tela lina lugha yake. Ukiwasha indiketa na taa zote za nyuma zinapepesa kwa unyonge, au breki zinawasha taa zisizohusika, athi ya tela imekatika na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu zingine. Kwenye plagi ya pini saba ya kawaida ni waya mweupe, pini namba 3. Usitegemee kichwa cha tela kuwa ndiyo njia ya hasi. Grisi ya pale inazuia.

Asubuhi gari haliwaki

Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua klemu ya hasi na pitisha mita kati ya klemu na nguzo, ikiwa kwenye ampea 10. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, itaungua. Subiri nusu saa gari lilale. Miliampea 50 kushuka chini ni kawaida. Nusu ampea ni ampea-saa 12 kwa siku, na gari lililoegeshwa wiki moja halitawaka. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ianguke. Kwenye magari ya utalii anza na vilivyoongezwa baadaye: redio ya mawasiliano, kifaa cha kufuatilia gari, soketi za kuchajia kamera za wageni, inveta iliyosahaulika ikiwa imewashwa. Inveta isiyolisha chochote inaweza kuvuta ampea nzima.

Na umkatalie yeyote anayetaka kutoa klemu ya betri injini ikiwaka "ili tujue kama altaneta inachaji". Volti zinaruka juu kwa ghafla na kuua daiodi za altaneta au kompyuta ya gari. Mita inakupa jibu lilelile bila hasara.

Fyuzi inakatika, inveta inalia

Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Ikikatika mara mbili, kuna shoti au mzigo umezidi, na kuweka kubwa zaidi au kuzungushia uzi wa waya ni kuandaa moto chini ya hema lenye watu waliolala. Chomoa vifaa vyote. Ikikatika bila kifaa chochote, waya umechubuka mahali, na mara nyingi ni pale unapopita kwenye tundu la chuma lisilo na raba. Fyuzi ya kwanza iwe ndani ya sentimita 30 kutoka betri. Kipande kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Inveta ikilia na kuzima, jua wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 83, ukiweka na upotevu ni 95 hivi. Birika la umeme halikuumbwa kwa mfumo huu. Kama mzigo ni mdogo na bado inalia, rudi kwenye kipimo cha kwanza: volti kwenye nguzo za inveta, ikiwa na mzigo.

Ukigusa bodi unapigwa na umeme

Hapa achana na mengine yote. Volti 12 hazikupigi. Ukisikia ganzi au mtekenyo ukigusa bodi huku gari limechomekwa umeme wa lodge au jenereta, ni volti 230 zinazovuja kwenye chuma na waya wa ardhi haufanyi kazi. Aliye ndani ya gari, miguu ikiwa juu ya mkeka, hasikii kitu. Anayeshuka peku kwenye majani yenye umande ndiye anayekufa. Mwambie kila mtu asiguse gari wala asishuke, zima umeme kwenye chanzo, chomoa plagi kule umeme unakotoka na siyo kwenye gari.

Baada ya hapo tafuta sababu: kebo iliyokanyagwa, plagi iliyofungwa bila waya wa ardhi, chaja yenye maji ndani. Gari lenye sehemu ya kuchomeka umeme wa nje lazima liwe na RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila ukifika kambi mpya. Isipokata, usichomeke gari hapo, hata kama friji itayeyuka na nyama yote iharibike.